Masale na Mawaridi

Haidrenjia za Lushoto ni za buluu. Ukipanda kutoka Mombo kwa barabara ile inayojipinda na mlima wa Usambara, ukafika mjini penye baridi, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, utaziona kwenye nyua za misheni, mbele ya nyumba za wageni na kando ya ngazi za ofisi: mashada mazito yanayoinamisha matawi yake hadi chini. Asili ya mmea huu ni Japani, na ulizunguka Ulaya kabla ya kufika kwetu. Kwenye udongo wa chokaa wa kusini mwa Uingereza hutoa maua ya pinki. Huku kwetu udongo wa mlimani una tindikali. Tindikali huyeyusha alumini iliyomo ardhini, mizizi huinyonya, na ua likachanua buluu. Unaweza kuagiza mche wa pinki kutoka popote unapotaka, ukaupanda na kuumwagilia. Ukishashika mizizi, rangi itaamuliwa na mlima.

Kila ninapofikiri juu ya kuchanganya maua ya Kiingereza na mimea ya kienyeji katika bustani moja, narudi kwenye jambo hilo. Tumezoea kuuliza mmea umetoka wapi, kana kwamba jibu lake linamaliza kesi. Linalonisumbua zaidi ni swali linalofuata: umefika, sasa unaishije na uliowakuta? Unamlisha nani, unamnyima nani mwanga, na ukiachwa bila mkasi kwa mwaka mzima utakuwa umemfanya nini jirani yako? Na lipo swali jingine zito zaidi, ambalo haliwahusu wageni kabisa: yule mwenyeji asiye na pengine duniani pa kwenda, amepewa nafasi gani kwenye bustani za nyumbani kwake?

Bustani ya kijumba cha mashambani, ile ambayo Waingereza huichora kwenye kalenda na makopo ya biskuti, ilianza kwa watu maskini. Kibarua wa shamba alikuwa na kipande kidogo cha ardhi mbele ya nyumba isiyo yake, na kila shubiri ya kipande hicho ilibidi ilishe watu. Palikuwa na kabichi, viazi, vitunguu, mzinga wa nyuki, banda la nguruwe, majani ya kutuliza kikohozi na ya kutuliza tumbo. Maua yalijipenyeza katikati ya hayo yote, mengine kwa mbegu zilizojiangusha zenyewe, mengine kwa kipandikizi alichogawa jirani juu ya ua. Hapakuwa na mchoro wala fundi wa kupima. Kisha, karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni, watu wenye nafasi wakaigeuza kuwa sanaa. William Robinson, mzaliwa wa Ireland, alitoa kitabu chake The Wild Garden mwaka 1870, akapinga mtindo wa vitalu vya maua yanayopangwa kwa vipimo na kung'olewa kila msimu. Yeye alitaka mimea ya kigeni yenye kustahimili iachwe ikae pamoja na ya kienyeji bila kubembelezwa. Gertrude Jekyll, aliyekuwa mchoraji kabla macho hayajaanza kumsumbua, alizipanga rangi za maua kwenye bustani yake ya Munstead Wood kule Surrey kwa jicho lilelile la picha.

Na hao wanaoitwa vipenzi vya Kiingereza, wengi wao ni wahamiaji. Lavenda imetoka pwani za Mediteranea, dalia imetoka Meksiko, mzizi wa holihoki uko Asia. Njegere ya maua, ile yenye harufu tamu, ilifika Uingereza mwaka 1699, mbegu zake zikiwa zimetumwa kutoka Sicily na mtawa Francesco Cupani. Hata waridi linalochanua mara kwa mara kwa mwaka mmoja lina damu ya mawaridi ya Uchina. Mengi ya mawaridi ya zamani ya Ulaya yalichanua mara moja tu wakati wa kiangazi, basi. Kwa hiyo mtu anapoleta bustani ya Kiingereza Usambara analeta kijiji chenye watu wa mataifa mengi, na sioni sababu ya kukiogopa wala ya kukisujudia.

Ila si bustani hiyo ya kibarua iliyopandishwa mlima huu. Wajerumani waliuita mji Wilhelmstal. Waingereza walipoishika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, gavana naye akawa na nyumba yake ya mapumziko huku, mbali na joto la Dar es Salaam. Waliyoipanda ilikuwa bustani ya bwana: uwanja wa nyasi unaofyekwa, ua uliokatwa kwa kufuata kamba, mawaridi yaliyosimama mbalimbali, kila shina katikati ya duara la udongo mtupu. Mikono iliyolima, iliyochota maji na kukata nyasi ilikuwa ya Wasambaa. Mwaka 1946 serikali hiyohiyo ikaanzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, baadaye ukaenezwa Usambara kwa jumla, na wakulima wakalazimishwa kupiga matuta kwenye miteremko yao. Walipinga kwa miaka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mpango ulikuwa umeachwa. Nalitaja hili kwa sababu mteremko ni uleule. Mtu anayepanda maua hapa leo analima juu ya kumbukumbu ya jembe la amri, na ni haki alijue hilo kabla hajaweka mchoro wa mtu mwingine juu ya ardhi.

Yule kibarua wa Kiingereza, lau angeletwa Kilimanjaro akaingizwa kwenye kihamba cha Mchaga, nadhani angejikuta nyumbani. Angeona migomba na chini yake mibuni, chini ya mibuni magimbi, viazi vikuu vikipanda juu ya miti ya kivuli, mboga mlangoni, ng'ombe bandani, na mipaka yote ikishikwa na masale. Kila kitu kimechanganyika na kila kitu kina kazi. Hapa Usambara nako nyumba za zamani zilikaa ndani ya migomba, na mkulima mwenye akili hakuwahi kuona sababu ya kutenga chakula na dawa, wala dawa na pambo. Sasa isale hilo. Kwa anayelipita njiani ni jani refu la kijani tu. Kwa Mchaga, aliyekosa akituma isale kwa aliyemkosea anaomba radhi, na ni vigumu mno kuikataa radhi iliyoombwa kwa jani hilo. Limepandwa mipakani, limepandwa makaburini. Mimi nimeliweka kuwa ua wa bustani yangu badala ya vichaka vya kukatwa kwa kamba, na nyuma yake mawaridi yanapendeza kuliko yanavyopendeza mbele ya ukuta wowote: jani jembamba lenye kung'aa linalipa ua lenye petali nyingi mahali pa kutulia.

Na watu wa pwani je? Kikuba cha bibi harusi wa Mombasa au Unguja hufungwa kwa asumini, mrehani, langilangi, mkadi na waridi. Langilangi limetoka visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia. Waridi lilivuka na watu wa Uajemi na Uarabuni. Hakuna mwanamke wa pwani anayeyaita maua ya kigeni. Yamekaa, yamefungwa kwenye nywele, yametiwa kwenye nyimbo, yamekuwa yetu. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kuchanganya waridi na mmea wa msitu wa Magamba huku Usambara ni kuiga mambo ya Wazungu, namwomba akumbuke harufu ya chumba cha harusi.

Kazi yenyewe huanza kwa kukubali kwamba hapa hakuna majira ya baridi ya kweli. Kuna baridi ya Juni hadi Agosti inayomfanya mtu atoe blanketi sandukuni, lakini ardhi haigandi. Na mwanga wetu hauyumbi: tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki dakika 40, wakati London siku ya Juni huzidi saa 16 na ya Desemba haifikii 8. Mimea mingi ya Kiingereza husoma kalenda yake humo, kwenye urefu wa siku na kwenye baridi ya udongo. Tulipu huhitaji wiki nyingi za baridi kali kabla ua lake halijaumbika sawasawa. Peoni vivyo hivyo. Kuzililia ni kupoteza pesa. Waridi lina shida ya kinyume: halipati usingizi. Huendelea kutoa majani na maua mwaka mzima hadi linachoka, na majani yaliyochoka hushikwa na madoa meusi mara mvua za masika zinapoanza. Ni lazima mtunzaji alipumzishe kwa mkasi na kwa kulipunguzia maji wakati wa ukavu. Njegere ya maua huchanganyikiwa na siku zetu zilizo sawa, lakini ikipandwa mahali pa baridi, ikapata mbolea ya samadi iliyooza vizuri, hutoa maua ya kutosha meza. Haidrenjia, dalia, jerania na agapanthasi hazina neno. Lakini hizo mbili za mwisho ni za Afrika Kusini. Zilikwenda Ulaya zikarudi na majina ya heshima.

Nilijifunza zaidi kwa kukaa chini na kutazama nani anakuja kula.

Dijitalisi, lile ua la vikombe virefu vinavyoning'inia upande mmoja wa shina, huchanua hapa, hasa aina mpya zisizongoja baridi. Ukitazama ndani ya kikombe utaona madoadoa ya zambarau yaliyopangwa kwenye sakafu yake, na vinyweleo vichache vilivyosimama mlangoni. Kwao Uingereza madoa yale ni alama za njia, na anayeongozwa nayo ni nyuki mnene wa manyoya wa jenasi ya Bombus, mwenye ulimi mrefu na mwili unaolingana na kikombe kile, mgongo wake ukigusa chavua juu anapopita. Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara haina Bombus wake wa asili hata mmoja. Ua limeandaa meza kwa mgeni asiyekuwepo katika bara hili. Nyuki wetu wa asali huingia, hutambaa, hutoka na chavua kidogo. Yule mweusi mkubwa anayetoboa mbao hawezi kuingia. Hutua kwa nje, akatoboa kitako cha ua na kunyonya bila kugusa chavua kabisa. Nalipenda ua hili na sitaling'oa, lakini nimelipa nafasi ya mashina machache tu, mbali na mboga, maana majani yake yana sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Sumu hiyohiyo ndiyo daktari William Withering aliyoiandikia kitabu mwaka 1785 alipoonyesha kwamba kwa kipimo sahihi hutibu uvimbe wa maji mwilini.

Mawaridi yaliyojaa petali, yale tunayoyasifia zaidi, ni mlango uliofungwa. Petali zake za ziada zilikuwa stameni. Mkulima wa mbegu alichagua kizazi baada ya kizazi hadi viungo vya chavua vikageuka pambo. Nyuki hutua, huzunguka, hupenyeza kichwa, huondoka. Waridi la petali tano, lenye moyo wa manjano ulio wazi, humlisha. Nina yote mawili, na lile la petali tano liko karibu na mlango ili nione kazi yake.

Hatua chache kutoka hapo imesimama leonotisi, mmea wa porini unaoota kandokando ya njia kuanzia nyikani hadi milimani, ambao watu hufyeka bila kuwaza. Shina lake moja hupanda juu ya kichwa cha mtu, na kila kifundo kimezungukwa na mpira wa miiba midogo, na kutoka kwenye mpira huo hutokeza maua ya chungwa yaliyopinda, yenye manyoya laini. Asubuhi ndege aitwaye chozi huja. Haelei hewani anaponyonya, kama wale ndege wadogo wa Amerika. Hukaa kwenye mpira wenyewe, miguu kati ya miiba, akainama na kuingiza mdomo uliopinda. Mpindo wa mdomo na mpindo wa ua ni mmoja. Anapoinua kichwa, paji lake limepakwa chavua ya rangi ya siagi, na anakwenda nayo kwenye shina la pili. Hakuna nilichofanya zaidi ya kutofyeka.

Ndipo nilipoupata mpangilio. Mimea ya hapa ndiyo inayobeba mwili wa bustani: leonotisi kwa nyuma, pentasi yenye vishada vyekundu na vya pinki kwa vipepeo, tanbejia ya chungwa yenye jicho jeusi ikipanda juu ya fito, gladiola ya porini ambayo imo kwenye ukoo wa gladiola za mashada ya harusi duniani kote, kivumbasi kandokando ya njia ili nguo ikigusa harufu itoke. Maua ya Kiingereza yanaingia katikati, pale rangi au umbo linapohitajika, yakiwa machache kuliko ambavyo kitabu cha Kiingereza kingeshauri. Na mboga zinapita humohumo.

Juu ya mboga nina kisa kifupi. Bibi mmoja jirani alipita asubuhi akitoka sokoni, akasimama kwenye pengo la masale.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mnavu huu umeusahau humu kwenye maua?"

"Sikuusahau, bibi. Nimeupanda."

Aliutazama, akatazama na lavenda iliyo pembeni yake. "Haya. Uchume mapema basi, ukishazaa unakuwa mchungu." Kisha akanyoosha kidole kwenye haidrenjia. "Na lile ua la misheni, unaweza kunikatia?"

Nilimkatia vijiti vitatu vyenye vifundo, nikamwambia aviweke kivulini. Kesho yake mjukuu wake aliniletea miche ya kivumbasi iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Hivi ndivyo kijumba cha Kiingereza kilivyopata maua yake, mkono kwa mkono, na hivi ndivyo kihamba kilivyojaa. Duka la miche halijawahi kunipa mmea wenye jina la mtu ndani yake.

Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwenye bustani nauchukua usemi huo kwa uzito wake wote. Wapo wageni wasiomponya mtu. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki, na bustani ya mimea iliyokusanya miti na vichaka kutoka sehemu nyingi za joto duniani. Baadhi ya wageni hao hawakubaki vitaluni. Klidemia, kichaka cha Amerika ya kitropiki chenye majani ya vinyweleo na matunda madogo ya buluu-nyeusi, kilitoka bustanini na sasa kimeingia ndani ya msitu. Ndege hula matunda na kupanda mbegu kila wanapotua. Kuna na mesopsisi, mti wa mbao unaokua upesi, uliojaza mapengo ya msitu wa Amani baada ya miti mikubwa kukatwa. Huyu hana pasipoti ya kigeni: kwao ni upande wa Ziwa Viktoria, na anaota kwa asili Bukoba, ndani ya Tanzania hiihii. Katika Usambara bado ni mgeni, tena msumbufu. Mlima haujui mipaka iliyochorwa Berlin. Kwa mlima, mwenyeji ni yule aliyekua na vipepeo wake, ndege wake na kuvu wa udongo wake, na umbali wa kilomita mia kadhaa unatosha kumfanya mtu mgeni kabisa.

Ndiyo maana lantana haipo kwangu, ingawa ina rangi za kupendeza na vipepeo huipenda. Wala alizeti mwitu, ambayo wakulima huifyeka kuwa mbolea ya majani na wana sababu nzuri. Mimea hii miwili ya Amerika imekwisha kushika kandokando ya barabara na mashamba yaliyoachwa. Haihitaji msaada wangu. Kipimo changu ni rahisi. Mgeni anayesambaa kwa ndege au kwa upepo haingii kwenye bustani iliyo jirani na msitu, hata awe mzuri namna gani. Mawaridi yangu hayana tabia hiyo, dalia haina, haidrenjia yetu hutegemea vijiti vya kukatwa. Hao ni wageni wa kukaa nao.

Limebaki lile swali la mwenyeji asiye na pa kwenda.

Milima ya Usambara ni mikongwe, na misitu yake imekuwa ikinyeshewa na mvua za Bahari ya Hindi kwa muda mrefu kiasi kwamba viumbe vingi vimeumbika humu na havipo pengine popote. Kimojawapo karibu kila mtu wa Ulaya anakijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani upande wa Tanga, alikuta kwenye miamba yenye kivuli mmea mdogo wa majani ya manyoya na maua ya urujuani. Akaupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mtaalamu Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akaupa jina la Saintpaulia mwaka 1893. Tangu hapo umezalishwa machotara kwa maelfu, na unakaa kwenye madirisha ya jikoni kuanzia Stockholm hadi Chicago, ukiitwa violeti ya Afrika. Wazee wengi wa huko wameutunza kwa miaka, wakiuliziana hali yake kama mtu wa nyumbani. Kwao halisi, kwenye nyufa za mawe kando ya vijito, unategemea jambo moja: kivuli. Mti ulio juu ya mwamba ukikatwa, jua hupiga jiwe, kuvumwani hukauka, na mmea hufa bila mtu yeyote kuugusa. Baadhi ya aina zake zimebaki kwenye vipande vidogo sana vya msitu.

Impatiensi nayo ina safari ya namna hiyo. John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aliipeleka Kew, na mwaka 1882 Joseph Hooker akaiita kwa jina la Sultani wa Zanzibar. Baadaye ikaonekana ni spishi ileile aliyokwisha kuipa jina la Horace Waller mwaka 1868. Ikawa ua la kila bustani ya Uingereza yenye kivuli, hadi ugonjwa wa ukungu wa mwaka 2011 ulipowafanya wauzaji wengi waiache. Huku inaota kwenye mitaro. Watoto wakienda shule hubinya vibegu vyake vilivyoiva ili vipasuke na kurusha mbegu, na vipepeo hufuata nekta iliyo kwenye mkia mwembamba nyuma ya ua, mkia ambao ni ulimi wao tu unaoufikia mwisho. Usambara ina impatiensi zake nyingine pia, zisizojulikana na duka lolote.

Inaniuma kwamba mtu anaweza kuzunguka bustani za Lushoto mchana kutwa, akaona jerania kwenye kila kibaraza, na asione violeti hata moja ya mlima huu. Hakuna aliyetukataza. Tulirithi pamoja na nyumba zile jicho lililofundishwa kwamba ua ni kile kilichokuja na meli, na kilichoota mtaroni ni majani. Jicho hilo ndilo ninalotaka libadilike, na bustani ndiyo shule yake ya karibu, maana ndani ya bustani mtu hutazama kitu kilekile kila siku hadi anakipenda.

Kwa hiyo bustani ya mchanganyiko nimeianzia mwisho wake wa chini, pale maji ya mvua yanaposhukia na waridi lisingekaa. Nimepanga mawe yenye nyufa, na juu yake nimepanda mringaringa mchanga, ambao kivuli chake kitachukua miaka. Kwa sasa kivuli kinatolewa na mgomba. Kuchukua mmea hifadhini ni marufuku, na kwa mmea uliobaki mchache ni wizi kwa vizazi. Njia ya halali ni jani. Jani moja la violeti lenye kikonyo chake, likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu na kufunikwa lisikauke, hutoa mizizi kwenye kikonyo, kisha vichipukizi chini ya udongo. Wenye mimea iliyozalishwa tangu zamani kwa njia hii wapo, na wengi wao hutoa jani wakiombwa. Machotara ya madukani nayaweka ndani kwenye vyungu, mbali na msitu, yasije yakachanganya damu na ya porini.

Vuli ijayo mawaridi mawili ya upande wa kivuli yatahamishwa kusogea karibu na lavenda, ambako ukavu utayafaa, na nafasi yake itachukuliwa na impatiensi za mtaroni. Haidrenjia inabaki pale ilipo. Bibi amekwisha kuniuliza kama mawe yale ni kaburi, nikamwonyesha nyufa na nikamweleza kwamba zinangoja violeti. Amesema kwao utotoni ua hilo lilikuwa kando ya kijito walikochota maji, na atamtuma mjukuu akatazame kama miti ya pale bado imesimama.